Ile Ile au Kama Ile

Seva pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. Ina prosesa, memori, diski na kadi ya mtandao, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoshikika mkononi. Prosesa yake ni zamu inayokatwa kutoka prosesa ya mashine mwenyeji, na diski yake, mara nyingi, ni faili moja kubwa. Programu inayogawa zamu hizo huitwa haipavaiza. Fundi anayesimamia seva za namna hiyo kwa mstari wa amri haoni picha wala vitufe. Anaona maandishi, na kila anachotenda anakitenda kwa kutaja: kwanza jina la amri, kisha jina la seva. Katika Linux, ambako haipavaiza iitwayo KVM imekuwa sehemu ya kerneli, yaani kitovu cha mfumo, tangu mwaka 2007, chombo cha kawaida cha kazi hiyo ni programu iitwayo virsh. Amri zake ni maneno makavu ya ufundi, lakini zinafufua swali ambalo wanafalsafa na wanatheolojia walilibishania karne nyingi kabla ya umeme: kitu kilichokoma kisha kikarudishwa, ni kile kile, au ni kingine kinachofanana nacho?

Kiswahili kina njia fupi ya kuliuliza. Anayesema seva ya leo ni ile ile ya jana anahesabu seva moja. Anayesema ni kama ile anahesabu mbili, hata kama hazitofautiani kwa herufi moja. Neno “sawa” hulifunika jambo hilo, na pengine ndiyo sababu mafundi hulipenda.

Wazo la mashine pepe ni la zamani kuliko kompyuta za mezani. Januari 1967 kituo cha utafiti cha IBM mjini Cambridge, Massachusetts, kilianza kutumia mfumo wa CP-40, uliogawa kompyuta moja kubwa kuwa mashine pepe zisizozidi 14, kila mtumiaji akijiona ana mashine yake peke yake. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliweka masharti ya kinadharia ya mfumo kama huo. Sharti la kwanza ni kwamba programu iliyo ndani ya mashine pepe iwe na mwenendo ule ule ambao ingekuwa nao kwenye mashine halisi, ukiacha tofauti za muda na za wingi wa rasilimali. Kwa lugha nyingine, aliye ndani asigundue. Mwaka 1641 Descartes alikuwa amemfikiria pepo mwenye hila anayemzushia mtu ulimwengu mzima wa uongo, na sikio la Mswahili halikosi kulisikia neno pepo ndani ya pepe. Ila haipavaiza za leo hazina hila hiyo. Seva ikiendesha amri ya systemd-detect-virt huambiwa bila kificho kwamba iko ndani ya KVM. Swali la kujua au kutojua, basi, si zito kama linavyodhaniwa. Zito ni lile la kuwa.

Katika virsh, amri ya define hupokea faili ya maandishi inayoeleza seva: ina prosesa ngapi, memori kiasi gani, diski yake iko wapi, kadi yake ya mtandao ina anwani ipi. Baada ya hapo seva huonekana kwenye orodha, lakini mbele ya jina lake pameandikwa kwamba imezimwa. Ipo kwa maelezo tu. Start ndiyo huiwasha. Kuna njia mbili za kuizima. Shutdown huiomba ijifunge yenyewe kwa utaratibu wake, na destroy ni sawa na kuchomoa waya wa umeme ukutani. Neno destroy humtisha mwanafunzi kupita kiasi, kwa kuwa huondoa uhai na kuacha vingine vyote: maelezo yapo, diski ipo, na start inaweza kutolewa tena dakika hiyo hiyo. Kinachofuta maelezo ni undefine, amri yenye jina la upole. Hata hiyo huiacha diski mahali pake, isipokuwa fundi ameagiza waziwazi kwamba nayo iondolewe.

Mpangilio huu unaeleweka vizuri zaidi kwa msamiati wa mwanafalsafa Ibn Sina (980–1037) kuliko kwa ule wa vitabu vingi vya kompyuta. Yeye alitenganisha kiini cha kitu na kuwepo kwake. Anayeelewa farasi ni nini hajajua bado kama kuna farasi yeyote duniani. Kuwepo ni jambo la ziada, na kitu ambacho kingeweza kuwepo au kutokuwepo hakijileti chenyewe, sharti kiwe na sababu ya nje. Faili ya maelezo ni kiini, na start ni sababu. Inapozimwa, seva hurudi katika hali ya kile kinachowezekana lakini hakipo.

Ulinganifu huu hujaribiwa na jambo moja ambalo wengi hulikuta kwa bahati mbaya. Fundi akitoa undefine kwa seva inayofanya kazi, seva haizimiki. Inaendelea kuhudumia wateja, lakini imekuwa ya mpito: siku itakapozimwa, jina lake litatoweka kwenye orodha na hakutakuwa na cha kuwasha. Kwa mtazamo wa haraka huo ni uhai bila kiini. Kwa kweli haipavaiza bado inayashikilia maelezo ndani ya memori yake. Kilichofutwa ni nakala iliyoandikwa diskini. Ibn Sina hajapingwa, lakini amepata mfano ambao asingeuwaza, wa kitu ambacho kiini chake kitakufa pamoja na uhai wake.

Kwa kuwa kila amri hulenga seva iliyotajwa, ni lazima kuwe na cha kutaja, na virsh inakubali vitambulisho vitatu. Kuna jina, ambalo fundi hulichagua na anaweza kulibadilisha. Kuna namba fupi ambayo seva hupewa inapowashwa na kunyang'anywa inapozimwa, kama tiketi ya foleni. Na kuna UUID, namba ya biti 128 inayokaa ndani ya maelezo tangu siku ya kwanza. Namba ya foleni inatambulisha uhai mmoja, UUID inatambulisha kiini, na jina linatambulisha nafasi katika akili za watu. Mafundi wa Marekani walieneza msemo kwamba seva za zamani zilitunzwa kama wanyama vipenzi wenye majina, ilhali za sasa ni kama ng'ombe wenye namba, ambao hakuna anayelia akifa mmoja wao. Msemo huo ni wa nchi ya mashamba makubwa ya nyama. Mmasai asingeuelewa, maana kwake ng'ombe hujulikana mmoja mmoja, kwa jina, kwa rangi na kwa mama yake.

Kati ya kuwashwa na kuzimwa kuna usingizi, nao ni wa aina mbili. Suspend husimamisha prosesa za seva huku memori yake ikibaki ilivyo. Seva imeganda katikati ya hesabu. Save huenda mbali zaidi: memori yote huandikwa kwenye faili, kisha seva huondolewa kabisa kwenye mashine mwenyeji. Faili hiyo inaweza kukaa kabatini mwaka mzima. Siku fundi atakapotoa restore, seva itaendelea na tendo lililofuata lile la mwisho, kana kwamba hakuna kilichopita. Ndani yake hakuna kumbukumbu ya usingizi, kwa sababu hakukuwa na wa kuukumbuka.

Wasomaji wa Kurani wanaijua hali hii kutoka sura ya Al-Kahf, kwa vijana waliolala pangoni miaka 309 na kuamka wakidhani ni usingizi mfupi. Wakristo wa kale walikuwa na kisa cha namna hiyo hiyo, cha walalao saba wa Efeso. Kinachovutia katika masimulizi ni fedha. Mmoja wao hutumwa mjini kununua chakula, na wafasiri wanaeleza kuwa sarafu yake ya kale ndiyo iliyomfichua. Seva iliyoamshwa hufichuliwa vivyo hivyo. Saa yake iko nyuma. Miunganisho iliyodhani bado iko hai ilikatwa na upande wa pili zamani. Cheti chake cha usalama kimekwisha muda. Programu ya kusawazisha saa ndiyo huiambia tarehe, na mara nyingi hiyo ndiyo dakika ambayo mambo huanza kuharibika. Hata hivyo hakuna anayesema vijana wa pangoni walikuwa watu wengine. Usingizi, hata mrefu, hauvunji umoja, maana kitu hakikukoma; kilisimama.

Ugumu huanza pale fundi anapohifadhi picha ya hali ya seva saa fulani, kuiacha iendelee na kazi, kisha, baada ya kosa, kuirudisha kwenye picha ile. Hapa seva haikusimama. Iliishi siku moja zaidi, ikapokea malipo, ikaandika barua, kisha siku hiyo ikafutwa. Ibn Sina alikana kabisa kwamba kilichokwisha kutoweka chaweza kurudishwa kikiwa kile kile. Hoja yake ina makali: kama kingeundwa kingine kinachofanana nacho kwa kila sifa, ni nini kingekitofautisha hicho na kile kinachodaiwa kurudi? Na kama kila sifa sharti irudi, basi wakati wake nao urudi, na wakati ukirudi hakuna kurudishwa tena, kuna siku ile ile ya kwanza. Wanatheolojia wa Kiashari, ambao mafundisho yao yalifika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na fiqhi ya Kishafii, walishikilia kinyume chake, kwa kuwa ufufuo ulihitaji hivyo: atakayesimama siku ya hesabu awe yule yule aliyetenda, vinginevyo anaadhibiwa asiyehusika. Ghazali, katika kitabu chake cha mwaka 1095 dhidi ya wanafalsafa, alitoa njia nyingine. Nafsi haifi; ikirudishwa katika mwili wowote, wa udongo ule wa awali au wa mwingine, mtu ni yule yule, kwani hata hapa duniani mwili wa mtoto si mwili wa mzee, na hakuna anayesema wao ni watu wawili.

Kwa seva iliyorudishwa nyuma, hoja ya Ibn Sina kuhusu wakati ndiyo inayouma. Seva inarudi jana, lakini dunia hairudi. Mteja aliyelipa asubuhi anayo risiti. Seva haina habari naye. Mbaya zaidi, seva huanza kutenda upya siku ambayo wengine walikwisha kuiona. Mwaka 2010 Thomas Ristenpart na Scott Yilek walionyesha kwamba seva iliyorejeshwa mara mbili kutoka picha moja inaweza kuchota namba za nasibu zile zile mara zote mbili, na marudio hayo yanaweza kumwezesha adui kuufichua ufunguo wake wa siri. Katika Active Directory ya Microsoft, seva za saraka huhesabu mabadiliko kwa namba zinazopanda. Iliyorudishwa nyuma hutoa upya namba ilizokwisha kuzitoa, safari hii kwa mabadiliko tofauti, na wenzake huyapuuza wakiamini wanayo tayari. Mara nyingi hakuna onyo; seva zinaachana polepole huku kila moja ikijiona sahihi.

Dawa iliyopatikana ni ya kifalsafa kuliko inavyoonekana. Kuanzia Windows Server 2012, haipavaiza inaweza kuipa seva namba ya kizazi ya biti 128, ambayo hubadilika kila seva inaporejeshwa kutoka picha ya zamani. Linux nayo ilipata kiendeshi cha namba hiyo katika kerneli 5.18, mwaka 2022. Seva ikiona namba imebadilika, inatambua kuwa imerudishwa. Ile ya saraka hujipa kitambulisho kipya cha kuandikia mabadiliko; kerneli ya Linux huchanganya upya chanzo chake cha namba za nasibu. Mashine inaambiwa na mwenyeji wake kwamba si ile iliyokuwa ikiendelea, nayo inabadili jina mbele ya wenzake ili isidaiwe ya mwingine. Wahandisi, bila kumtaja, wamemkubalia Ibn Sina.

Kurudufu kunalivuta swali upande wa pili. Amri ya virt-clone hunakili diski na kuandika maelezo mapya yenye UUID mpya na anwani mpya ya kadi ya mtandao. Ndani ya diski, hata hivyo, hakuna kilichobadilika. Faili ya /etc/machine-id ni ile ile, na funguo za SSH, ambazo seva hujitambulisha kwazo, ni zile zile. Kwenye baadhi ya mifumo ya Linux kitambulisho kinachotumika kuomba anwani ya mtandao hutokana na machine-id, na matokeo yake seva mbili pacha huomba na kupewa anwani moja. Kwa nje ni mbili, na kila moja ndani yake inajijua kuwa ndiyo ile ya awali. Chombo kiitwacho virt-sysprep kipo kwa ajili hiyo: hufuta alama za nafsi kwenye diski kabla ya kuinakili, ili kila nakala ijipatie zake inapoamka.

Mwanafalsafa Derek Parfit, katika kitabu chake cha mwaka 1984, alimfikiria mtu anayepelekwa Mirihi kwa mashine inayosoma kila chembe ya mwili wake na kuujenga upya kule. Kisha akaongeza kwamba siku moja mashine inasoma bila kuuharibu mwili wa Duniani. Wako wawili, na swali la nani ni yule halina jibu. Parfit alihitimisha kwamba umoja wa mtu si jambo lenye uzito tunaoupa. Wasimamizi wa seva hutumia mashine ya Parfit kila siku, kwa amri ya migrate. Memori ya seva hunakiliwa kupitia mtandao, kwa kurasa ambazo kwa kawaida ni za kilobaiti 4, huku seva ikiendelea na kazi. Kurasa zilizobadilika katikati ya safari hutumwa tena, duru baada ya duru, hadi zinapobaki chache. Hapo seva husimamishwa, mabaki na hali ya prosesa hutumwa, na nakala ya upande wa pili huanza. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2005 na watafiti wa haipavaiza iitwayo Xen, seva ya mchezo wa Quake 3 ilihamishwa huku wachezaji wakiendelea, na muda wa kusimama ukashuka hadi milisekunde 60 tu.

Lakini wahandisi hawakumkubali Parfit. Hawakusema haidhuru zikiwa mbili. Taratibu za kuhamisha seva zimeandikwa kwa hatua zinazohakikisha kwamba upande mmoja hauanzi kabla mwingine haujasimama, na juu yake huwekwa kufuli kwenye diski ili nakala ya pili isiweze kuandika. Sababu haina ushairi wowote: seva mbili zikiandika kwenye diski moja, kila moja ikiamini iko peke yake, mfumo wa mafaili huvurugika kiasi cha kutorekebishika. Umoja hapa haugunduliwi, unalindwa. Mfano wa meli ya Theseus, iliyobadilishwa mbao moja moja hadi zote zikawa mpya, ambao hutajwa mno katika mazungumzo ya aina hii, hausaidii sana, kwa sababu mbao za meli hazigombanii kitu. Hobbes aliukaribia ugumu huu mwaka 1655 alipouliza ingekuwaje mbao kuukuu zingekusanywa na kuundwa meli ya pili, ila meli zake mbili zingeweza kuelea kwa amani bandari moja.

Aliyeliona jambo hili kwa upande wake wa kisheria ni John Locke. Katika toleo la pili la kitabu chake kikuu, mwaka 1694, aliongeza sura kuhusu utambulisho, na ingawa hukumbukwa kwa mfano wa roho ya mwana wa mfalme kuingia mwilini mwa mshona viatu, lenye uzito zaidi ni dai lake kwamba neno mtu, kwa maana hiyo, ni neno la mahakama. Kazi yake ni kugawa matendo na malipo yake. Hapo Locke anakutana na Waashari kwa njia tofauti: wote wanauliza nani ni nani kwa sababu kuna hesabu ya kufungwa. Seva haina siku ya hukumu, lakini ina hesabu. Imeahidi, imepokea, imetia sahihi, na wapo wanaoidai.

Mahali ambapo hesabu hiyo huonekana wazi kuliko pote ni SSH, itifaki iliyobuniwa na Tatu Ylönen huko Finland mwaka 1995, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya kuifikia seva kwa mstari wa amri. Mara ya kwanza kompyuta ya fundi inapoifikia seva, humwonyesha alama ya ufunguo wa seva hiyo na kuuliza kama anaukubali. Akikubali, ufunguo huandikwa kwenye faili ya known_hosts. Kuanzia hapo seva hutambuliwa kwa ufunguo huo tu. Ikijengwa upya kutoka mwanzo, kwa jina lile lile, anwani ile ile na data zile zile, SSH itakataa kuendelea na kuonya kwa herufi kubwa kwamba utambulisho wa seva umebadilika. Mwizi aliyeiba ufunguo na kusimamisha mashine tofauti kabisa atapokelewa kimya, kama mwenyeji wa siku zote.

Fundi anayejenga seva upya, kwa hiyo, ana njia mbili. Anaweza kufuta mstari wa zamani kwa ssh-keygen -R kwenye kila kompyuta inayoijua seva hiyo, kisha akubali ufunguo mpya. Au anaweza kuchukua funguo za zamani na kuziweka katika diski mpya kabla haijawashwa. Kwa njia ya kwanza ametangaza kwamba seva ya zamani imekwisha na nyingine imerithi jina lake. Kwa ya pili, kwamba hakuna kilichotokea. Diski, prosesa na faili ya maelezo zinaweza kuwa zile zile katika hali zote mbili.